Bei ya Asubuhi

Saumu Semdoe alikuwa akiahirisha kumsikiliza mama yake tangu siku ya matanga, na kazi hiyo ya kuahirisha aliifanya kwa bidii kuliko ile aliyoajiriwa kuifanya. Kila mwaka Kibarazani, kampuni ya maduka ya mtandaoni alikofanya kazi, ilimuuliza kama sauti ya marehemu iendelee kuuza kanga. Kila mwaka alijibu ndiyo, harakaharaka, kama mtu anayefukuza nzi. Mwaka huu wakubwa walibadili utaratibu: mrithi haruhusiwi kujibu kabla hajasikiliza duka likifanya kazi. Basi akajifungia katika chumba cha kusikilizia, akavaa visikizi, akapiga bismillahi, akafungua laini ya kwanza iliyokuwa hewani.

"Karibu, karibu mwanangu! Pita, usisimame juani. Shika kitambaa hicho, kishike kwa mkono, macho hayajui pamba."

Alikuwa yeye. Alikuwa Bi Mwantumu mwenyewe, na kile kikohozi chake kidogo cha kusafishia njia kabla ya kutaja bei. Saumu alijikuta amekaa wima kama alivyokaa utotoni kwenye mkeka nyuma ya kibanda, akisubiri kutumwa chenji. Mteja, mwanamke wa Iringa kwa lafudhi yake, alikuwa nyumbani kwake mbele ya kidirisha, kile kioo cha ukutani karibu na mlango ambacho sasa kila nyumba ilikuwa nacho, cha kutazamia bidhaa na kuzungumza na maduka. Kanga ilining'inia ndani ya kioo ikipepea kwa upepo usiokuwapo.

"Punguza, mama," alisema yule mwanamke.

"Nipunguze nini tena? Ningekuwa na watu kumi mlangoni ningekwambia nenda salama. Lakini wewe ndiye unanifungulia leo. Chukua kwa bei ya asubuhi, unitie baraka."

Saumu alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Maneno hayo aliyajua. Mama yake hakuwahi kumwachia mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Wenzake wote sokoni walikuwa hivyo, lakini yeye alizidi. Yule wa kufungua biashara alipewa kanga hata kwa hasara, maana mkono wake ndio ungeiongoza siku. Pesa yake Bi Mwantumu aliigusisha kwenye paji la uso, kisha akaipitisha juu ya bidhaa zote, doti kwa doti, akinong'ona. Baada ya hapo hakuna tena aliyepata bei ya asubuhi, hata angekuwa shangazi yake.

Akafungua laini ya pili. Kijana wa Mtwara alikuwa akimtafutia mchumba wake zawadi.

"Wewe ndiye unanifungulia leo, baba. Chukua kwa bei ya asubuhi, unitie baraka."

Akafungua ya tatu, na ya nne. Kigoma, Lindi, mama mmoja aliyehamia Muscat. Kila mmoja alikuwa amemfungulia. Ilikuwa saa nane mchana, wateja maelfu walikuwa wakizungumza na Bi Mwantumu kwa wakati mmoja, na kwa kila mmoja wao jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza.

Saumu alielewa mara moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyekitundika kinasa sauti kwenye nguzo ya kibanda, miaka ile soko lilipokaribia kuvunjwa, mama akiwa hai na amekubali. "Haya, nirekodini," alisema Bi Mwantumu siku hiyo, akijitengeneza ushungi kana kwamba anapigwa picha. Rekodi za asubuhi zilitoka safi. Za kuanzia saa moja ziliharibika zote, sababu saa moja, mteja wa kwanza akiwa ndiyo kwanza ameondoka, ndipo alipofika yule bwana wa dawa ya panya na spika yake, akaiegesha baiskeli kando ya kibanda, na kutwa nzima ikawa panya, mende, kunguni, panya, mende, kunguni. Mafundi walijaribu kumtenganisha Bi Mwantumu na kunguni wakashindwa. Wakazitupa rekodi hizo, wakaifundisha mashine kwa zilizobaki.

Kwa hiyo mashine haikumjua mama wa mchana. Haikumjua aliyevua viatu na kuikunja miguu chini ya meza, aliyemwambia mteja msumbufu "mimi na wewe leo nyota zetu haziendani," aliyesinzia akiwa ameshika mita ya kupimia. Ilimjua mama wa alfajiri peke yake, na mama wa alfajiri daima alikuwa na mteja mmoja tu, wa kwanza.

Angeweza kuishia hapo, ajibu ndiyo yake, aende nyumbani. Lakini mtu akishaanza kumsikiliza mama yake hana pa kuachia. Aliomba rekodi za jana, za juzi, za alfajiri. Na katika za alfajiri alikuta sauti ya mwanamume anayekohoa kwanza, kisha anasema, "Hodi, Mama Saumu."

Alikuwa baba yake.

*

Evarist Kileo, mkuu wa wasemaji wote wa Kibarazani, zile sauti za mashine zinazouza, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya ugomvi naye uwe mgumu. Alimsikiliza Saumu mpaka mwisho, akamsogezea kikombe cha chai.

"Tunajua, dada," alisema. "Tuligundua zamani. Mwanzoni tulidhani ni hitilafu."

"Ni hitilafu."

"Tuliitoa ile sentensi kwa muda. Wateja wakapotea. Tukairudisha, wakarudi na jirani zao." Alitabasamu kwa haya kidogo. "Watu wanapenda kuambiwa kwamba wamemfungulia mtu siku."

"Ni uongo, Evarist."

"Dada Saumu, tusidanganyane. Marehemu mama hakuwahi kumwambia mteja 'hii ndiyo ya mwisho' na chini ya meza kuna robota zima?"

"Alisema kila siku! Na wateja walijua, nao wakamdanganya kwamba wameacha pochi nyumbani. Hayo ni mambo ya sokoni." Saumu alikitafuta alichotaka kusema akakikosa, akakitafuta tena. "Hii hakuisema hovyo. Hii kwake ilikuwa dua. Unamwambia mtu kwamba riziki yako ya leo imepitia mkononi mwake. Huwezi kuwaambia wawili."

Chini ya sakafu yao droni zilikuwa zikipakia vifurushi. Ofisi hizi zilijengwa palepale soko lilipokuwa, na ghala la droni lilikaa sehemu ya wauza samaki. Saumu bado alipita pale akiziba pua kwa mazoea, ingawa sasa palinukia plastiki tu.

"Nikuambie ukweli wangu," alisema Evarist. "Bila sentensi ile, Bi Mwantumu ni msemaji kama wengine, na kampuni haitamgharimia msemaji wa kawaida. Watamfuta. Sheria ya sauti za marehemu unaijua. Ukikataa, tunafuta yote, rekodi za mwanzo pamoja, hata nakala yako. Hutabaki na hata kikohozi. Na kuna wazee huko, dada, hawaambiwi neno jema kutwa nzima isipokuwa na yeye. Wewe unataka kuwapokonya hilo kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya usahihi?"

Saumu aliondoka na swali hilo mpaka akafika kwake, na pale kitandani aliendelea kuzungumza na mto. Mmoja wa wazee hao alikuwa baba yake. Ukweli huo ungemfaa nini mtu wa umri ule?

Lakini alizikumbuka rekodi. Katika rekodi zote baba yake alibisha hodi kabla ya adhana. Na kila alipoambiwa kwamba yeye ndiye anayefungua, alivuta pumzi kwanza, akajibu kwa sauti ya mtu aliyewahi: "Nimefika, Mama Saumu. Nimefika."

*

Nyumba ya Mzee Semdoe ilikuwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, nyumba ya banda la uani na mlango usiofungwa. Saumu alifika giza halijaisha. Alimkuta baba yake amekwisha kuvaa kanzu, koti na kofia ya vito, amesimama mbele ya kidirisha kama mtu anayesubiri treni. Maisha yake yote alikuwa fundi wa reli, na bado aliamini kwamba anayechelewa amekosa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mbona mapema hivi? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kunywa uji."

"Uji baadaye. Ngoja kwanza nimfungulie mama yako."

Alisema hivyo bila kigugumizi, kama mtu mwingine angesema ngoja nifungulie kuku. Saumu alikaa kwenye kiti akajikuta amekalia kanga. Aliinuka, akatazama vizuri. Kanga zilijaa kabatini, juu ya kabati, kwenye meza, kwenye kochi la wageni, nyingine bado zimo kwenye maboksi yaliyoletwa na droni. Alikuwa amesikia kwamba baba yake ndiye anayetoa kanga kwenye kila harusi na kila msiba wa mtaa, akadhani ni ukarimu wa uzeeni.

Enzi za kibanda Mzee Semdoe alimfungulia mkewe kila asubuhi kabla ya kwenda karakana. Hakununua kanga, kwa mshahara upi? Alinunua pini, au sindano, au kitambaa cha jasho. Lakini aliipigania bei ya hiyo pini mpaka majirani wa vibanda wakaacha kupanga bidhaa zao wawatazame. Kitu gani hiki, imepinda! Imepinda wewe! Rudisha basi! Mwisho Bi Mwantumu aliipokea sarafu, akaigusisha usoni, na mumewe akaondoka akipiga mluzi. Saumu alipokuwa msichana alikuwa anaona aibu. Sasa angetoa chochote arudishiwe ile aibu, asubuhi moja tu.

"Hodi, Mama Saumu," alisema mzee.

"Karibu, karibu baba! Pita, usisimame juani."

Wakaanza. Kanga ya kahawia ikajitokeza kwenye kioo. Mzee aliiponda rangi, akaiponda pindo, akasema hata bure haitaki. Mashine ilimjibu neno kwa neno, na baba yake alinawiri usoni, mgongo ukanyooka. Saumu aliwatazama, moyo ukimuuma kwa raha, na kwa muda aliamua kwamba hatasema kitu. Atajibu ndiyo. Dunia ina uongo mbaya zaidi ya huu.

"Lakini wewe ndiye unanifungulia leo," alisema Bi Mwantumu.

"Nimefika," alijibu mzee. Kisha akamgeukia binti yake, macho yakimetameta. "Unasikia? Nchi nzima inanunua kwake, mpaka Uarabuni. Lakini bado ananingoja mimi. Juzi nilikuwa na homa, nikajikokota hivyohivyo. Nikisema nilale, siku yake itafunguliwa na nani?"

Saumu alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema "kweli baba." Ikamshinda. Mtu mzima na homa yake alikuwa akijikokota gizani kwa ajili ya hitilafu.

"Baba," alisema, "anawaambia wote."

"Wote nani?"

"Wateja wote. Saa zote. Kila mtu anaambiwa yeye ndiye wa kwanza."

Mzee Semdoe alimtazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba nati haijakaza, naye anakwenda kuiangalia mwenyewe kabla ya kumlaumu mtu. Alitoka uani, akasimama kwenye ukuta wa jirani.

"Chausiku! Umeamka?"

"Nimeamka, Mzee wangu. Kuna nini?" Bi Chausiku alikuwa mjane wa makamo, muuza vitumbua zamani, ambaye kwa wema wake hakuwahi kumwacha mtu alale na shida zake.

"Kidirisha chako kinafanya kazi? Hebu mwite Bi Mwantumu. Kwa sauti, nisikie."

"Mwantumu wetu? Huyo ndiye napiga naye soga kila siku! Juzi kanipa doti kwa bei ya kutupwa, ati mimi ndiye..." Bi Chausiku akasita. Aliikumbuka ghafla desturi ya mzee, mtaa mzima uliijua. "Aa, basi. Maneno ya biashara tu."

"Mwite, Chausiku."

Alimwita. Sauti ikapita juu ya ukuta, changamfu, ikiwa na kikohozi chake, na ilipofika mahali pake ikasema: wewe ndiye unanifungulia leo, dada.

Mzee Semdoe alirudi ndani taratibu. Alivua kofia, akaishika mkononi.

"Mimi najua ni mashine," alisema. "Usinione mtoto. Mama yako nilimweka mwanandani mwa kaburi kwa mikono hii. Lakini nilisema, mashine haina njaa, haina watoto wa kusomesha. Itanidanganya ili ipate nini?"

Saumu alitaka kumweleza habari ya kinasa, na dawa ya panya, na kampuni. Aliona kila neno ni jepesi mno. Alimshika mkono.

Kwenye kioo kanga ya kahawia bado ilikuwa ikipepea. Mzee alijisafisha koo.

"Mama Saumu," alisema, "leo sinunui. Naondoka."

"Haya baba, hakuna neno," lilijibu duka kwa upole. "Karibu tena wakati wowote."

Kanga ikazimika. Mzee Semdoe aliendelea kusimama pale, kichwa ameinamisha upande mmoja, akisikiliza. Kisha mabega yakaanza kumcheza, na Saumu alidhani analia mpaka alipogundua kwamba analia na kucheka pamoja.

"Wakati wowote!" alisema. "Umesikia? Hakuna neno! Mwaka ule ulipozaliwa tuligombana, sijui kwa nini, chumvi au nini. Nikafika kibandani nikaishika pini, nikairudisha, nikasema sinunui, nikaondoka. Kwa wa kufungua, hiyo ni nuksi ya mwaka mzima. Mama yako alinikimbiza! Peku, mita mkononi, ameacha kibanda wazi. Alinikamata Barabara ya Tisa mbele za watu. 'Rudi, mwanamume wewe, rudi unifungulie, unataka leo niuze upepo?' Mpaka nikarudi. Watu walivunjika mbavu."

"Sikuwahi kuisikia hiyo," alisema Saumu.

"Hata hiyo mashine yako haijawahi."

Ni kweli, haikuwahi. Kinasa kilikuja miaka mingi baadaye, nacho kilifungwa kwenye nguzo. Kila mama yake alipokimbilia nje, kilibaki palepale kikirekodi kibanda kitupu.

Kidirisha kililia. Ilikuwa kampuni, na sauti ya msichana asiyekuwapo ikamsalimu Saumu kwa jina, ikamjulisha kwamba sharti la kusikiliza limetimia. Ikauliza: sauti ya marehemu Mwantumu iendelee?

Saumu alimtazama baba yake. "Nikikataa hatutamsikia tena. Hata mimi, sina rekodi nyingine. Wewe unasemaje?"

"Kama ni mimi, nitasema aendelee," alijibu mzee. "Kesho alfajiri nitaamka, najijua. Nitavaa koti, nitabisha hodi, nami nitajua ni uongo, na nitabisha vilevile. Kwa hiyo usiniulize mimi."

Alikwenda akakaa juu ya kanga zake, akampa binti yake mgongo ili amwachie nafasi. Saumu alifikiria wale wazee wa Iringa na Kigoma ambao kesho hawataambiwa neno jema na mtu yeyote. Alifikiria mkeka nyuma ya kibanda na harufu ya kitambaa kipya chenye dawa. Alimtaka mama yake. Alimtaka vibaya, kwa uchoyo, hata huyo wa nusu siku asiyejua kukimbiza mtu. Na alijua kwamba Bi Mwantumu angekisikia kibanda chake kikigawa dua yake kama karanga za mnadani, angeuvua ushungi wake na kuufunga kiunoni.

"Hapana," alisema.

"Una hakika?" iliuliza sauti.

"Sina. Futeni."

Kioo kikawa cheusi. Hakikulia, hakikuaga. Baba na binti walisikia droni ya mapema ikipita juu ya mabati, halafu mlango wa uani wa jirani ukifunguliwa kwa nguvu.

"Mzee Semdoe! Saumu!" Bi Chausiku alikuwa akiita juu ya ukuta. "Kuna nini huko? Mwantumu nilikuwa nazungumza naye hapa, katikati ya maneno kanyamaza! Namwita, haitiki!"

Saumu aliinuka ili ajibu. Baba yake alimpita, akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akaenda mpaka ukutani.

"Usimwite, Chausiku," alisema. "Mwache apumzike. Mke wangu kafunga."